Baiskeli Niliyoisingizia

Tangu nimalize darasa la saba nina tabia ya kuandika mambo ya siku katika madaftari ya shule, yale ya mistari. Siandiki vizuri. Naandika mvua imenyesha, ng'ombe amezaa, mgeni amepita akaenda. Katika daftari la mwaka ule ambao wanunuzi binafsi wa pamba walianza kuingia kwetu Bariadi, upo ukurasa wenye mstari mmoja tu: Cheni imekatika karibu na Mkula, nimechelewa. Mstari huo ni uongo. Daftari ni langu, nalifungia sandukuni, hakuna mwingine anayelisoma, na bado nilidanganya humo. Sijui mtu wa namna hiyo aitweje. Sasa naiandika upya siku ile, na nitajaribu kumpa kila mmoja haki yake, hata baiskeli.

Nianze na baiskeli, maana haina kosa.

Niliipata kwa wageni waliokuwa wakichimba visima upande wa Mwanhuzi, kule kwenye ukame. Niliwabebea mabomba kwa misimu miwili. Muda wao ulipokwisha waligawa vitu vyao, na mimi nikaomba baiskeli badala ya ujira wa mwisho. Ilikuwa ya kijani, fremu ya chuma kizito, matairi mapana yenye meno kama ya trekta, gia kumi na mbili. Wenyewe waliiita baiskeli ya milimani. Kwetu milima ni vile vilima vya mawe wanakopanda mbuzi, lakini jina lilitupendeza. Wakati huo nzengo nzima, yaani kitongoji chetu chote, ilikuwa na baiskeli nyeusi za kawaida, zile ndefu zenye keria pana, nazo za kuhesabu. Nilipopita, watu waliacha jembe wakasikiliza gia zikibadilika.

Kisha biashara ikafunguliwa. Vitu vilivyokuwa vikipatikana kwa kibali na kwa kumjua mtu vikaanza kutandikwa chini mnadani kama nyanya. Zikaja baiskeli za gia mpya, nyekundu na za bluu, zina springi mbele, gia kumi na nane, maandishi ya kung'aa kila mahali. Mawakala wa pamba walipewa na matajiri wao ili wazunguke vijijini. Yangu ilikuwa imeshatoka rangi. Tandiko nilikuwa nimelishonea ngozi ya mbuzi, na nyuma nimefunga keria ya chuma. Vipande vya breki nilivichonga mwenyewe kutoka kwenye tairi la gari. Na katika zile gia kumi na mbili, nikisema haki, zilizokuwa zinakubali ni tano.

Ukawa ubishi wa kila siku pale mashine ya kusaga: ya zamani na mpya, ipi baiskeli? Wengine walisema chuma cha zamani ndicho chuma, hizi mpya ni za kupendezesha macho. Wengine walisema yangu inafaa kufungia mbuzi. Mimi nilijifanya sijali. Nilijali sana. Sikuwa na kitu kingine cha kujulikana nacho. Si mwenye ng'ombe wengi, si mwenye elimu, si msemaji. Nilikuwa yule mwenye baiskeli ya gia.

Na ni kwa sababu ya baiskeli hiyo nilikuwa natumwa kupeleka habari za misiba. Simu hazikuwepo. Baba yangu alikuwa na kazi hiyo kabla yangu, yeye kwa miguu, na aliniachia masharti. Mpeleka habari haketi kivulini. Hali chakula cha njiani. Na hamwambii mtu yeyote habari aliyobeba kabla wenyewe hawajaisikia, kwa sababu msiba ukitangulia kufika kwa jirani ni kuwatukana waliofiwa. Ukifika unaomba maji, unakunywa, ndipo unasema.

Mzee aliyefariki alikuwa jirani yetu, rafiki wa marehemu baba. Alifariki alfajiri, msimu wa pamba, jua kali. Mazishi yakapangwa kesho yake saa nane mchana. Zaidi ya hapo mwili usingeweza kungoja. Binti yake mkubwa alikuwa ameolewa Mkula, ambako siku hizo kulihesabiwa upande wa Mwanza, kama sisi tulivyohesabiwa Shinyanga. Mimi namwita dada, alinibeba mgongoni nilipokuwa mdogo. Katika ukoo wao udongo wa kwanza kaburini hutupwa na mtoto wa kwanza, na mtoto wa kwanza ni yeye. Basi lilikuwa moja tu kwa siku linalokuja Bariadi kutoka upande ule, nalo hupita Mkula kama saa nane mchana. Hesabu yake nyepesi: nikiondoka asubuhi, saa sita niko Mkula, saa nane dada yuko ndani ya basi, jioni analia na wenzake nyumbani.

Mdogo wake wa kiume ndiye aliyekuwa akipanga mambo pale uani. Alinivuta pembeni.

"Kaka, usinielewe vibaya. Hicho chuma chako bado kinaweza? Mkula si hapo mashineni. Naweza kumwomba wakala mmoja akuazime mpya."

"Wewe umekiona kimelala njiani lini?"

"Sijakiona. Nauliza tu. Ni baba."

"Saa sita dada atakuwa na habari," nikasema, kwa sauti ya kusikiwa na wale waliokuwa wakipasua kuni.

Nimeyaandika maneno yake yote kwa sababu aliuliza vizuri. Hakunikejeli. Ni mimi niliyesikia kejeli.

Saa tatu nilikuwa Dutwa. Pale kwenye kituo cha kununulia pamba mizani ilikuwa miwili sasa, mmoja wa ushirika, mmoja wa mnunuzi binafsi, na watu wakichungulia huu na ule kabla ya kushusha magunia. Mbele ya ule wa pili alikaa kijana wakala juu ya baiskeli nyekundu, mguu mmoja chini, suruali ya mjini.

"Mwangaluka, braza," akaniita.

Kwetu mtu haitikii salamu akiwa juu ya baiskeli. Nikashuka. Laiti ningekuwa mtu asiye na adabu siku hiyo.

"Mwangaluka," nikajibu.

"Hiyo ilikuja na Mjerumani au na Mwingereza?"

Watu wakacheka. "Ilikuja na maji," nikasema, maana wale wachimba visima walijulikana, na sasa waliocheka walikuwa upande wangu. Utamu wa kicheko kile nausikia mpaka leo, na ndio unaonitia aibu kuliko mengine.

"Serikali inapunguza wafanyakazi," yule kijana akaendelea. "Hiyo nayo ingepewa barua yake ikapumzike."

"Barua apewe anayeshindwa kazi."

"Basi tuione kazi. Mpaka kalavati na kurudi."

Ningeweza kusema nina safari. Nisingeweza kusema safari ya nini, kwa sharti la baba, lakini kusema nina safari tu kungetosha, na yeye angenipisha. Nimejaribu kwa miaka mingi kulilaumu lile sharti. Halilaumiki.

Kwenda kalavati ni mteremko, na huko aliniacha kama nimesimama. Springi zake zilimeza mashimo yote wakati meno yangu yakigongana. Alipofika alishika breki, baiskeli ikatii palepale. Zangu zilipiga kelele na kunipeleka mpaka majanini. Hayo yote ni ya baiskeli mpya, nayaandika yawe yake. Kurudi ni mlima. Alisimama juu ya pedeli, na kila alipokandamiza springi zilibonyea, nguvu ikaishia humo. Akabadili gia huku amekaza miguu, cheni ikaruka, mwendo ukampotea. Mimi nilikuwa na gia tano na nilizijua kama mtu anavyojua ng'ombe wake watano, yupi mvivu, yupi wa kutangulia. Niliweka ile nyepesi mapema, nikakaa, nikakanyaga taratibu. Nilimpita karibu na mzani wa ushirika. Haki inanitaka niongeze kwamba alikuwa na baiskeli ile wiki mbili tu. Angekuwa ameizoea, sijui ingekuwaje.

Mbio zenyewe zilikuwa fupi kuliko kupima magunia ya mtu mmoja. Kilichoniponza ni maelezo.

Yule kijana alishindwa kiungwana. Alininunulia soda, akanivutia gunia la pamba chini ya paa la bati.

"Keti, mwalimu. Tufundishe."

Hakuna mtu aliyewahi kuniita mwalimu. Nikaketi kivulini. Nikanywa soda, nikala na michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, kutoka mfukoni mwa mkulima mmoja. Nikawaeleza jinsi fremu ilivyochomelewa, kwa nini springi inakula nguvu mlimani, kwa nini gia zibadilishwe mguu ukiwa mwepesi. Walikuja wengine, nikaanza tena mwanzo. Wakashindana wao kwa wao, nikaombwa niwe mwamuzi. Jua liliponifikia miguuni nilisogeza gunia. Liliponifikia tena nikasogeza tena. Mara ya tatu gunia liligonga ukuta, hakukuwa na kivuli tena cha kufuata, na ndipo nilipokumbuka kwamba nyuma yangu kulikuwa na maiti na mbele yangu kulikuwa na binti yake.

Sijawahi kuendesha vile maishani mwangu. Kwenye mchanga, kwenye mawe, kwenye makorongo, ile baiskeli haikuguna hata mara moja. Kama ingetaka kuniokoa isingefanya zaidi ya pale. Nilikuwa nimebakiza kama mwendo wa nusu saa nilipoona vumbi linakuja. Lilikuwa basi. Likanipita likienda Bariadi, watu wamejaa madirishani, na nikawatazama wote kana kwamba dada angeweza kuwa mmojawao bila kuambiwa na mtu.

Nilisimama mpaka vumbi likatua.

Pale nilikuwa na maneno mafupi ya kweli: nimechelewa kwa sababu niliketi. Niliyajaribu kwa sauti, peke yangu barabarani. Yalitamkika. Kisha nikaitoa baiskeli pembeni chini ya mgunga, nikaigeuza matairi juu, nikachukua msumari niliokuwa nao kwenye kifurushi cha viraka, nikaokota jiwe.

Cheni ilikataa. Ilikuwa cheni nzuri. Nilipiga pini yake mara nyingi sana, na kila nilipoinua jiwe nilikuwa na nafasi ya kuacha. Pini ilipotoka niliirusha majanini nisije nikashawishika kuirudisha. Nikaziunga ncha kwa waya, nikaanza kuisukuma baiskeli kwa mkono. Grisi iliyokuwa mikononi mwangu ilikuwa grisi ya kweli.

Dada alikuwa uani anaanika mpunga juu ya turubai. Aliponiona alijua mimi huwa natumwa kwa sababu gani. Akaketi chini kabla sijaomba maji.

"Ni nani?"

"Baba."

Sitaandika kilio chake. Majirani walikuja, wakamshika. Baadaye akaniuliza mambo ya mpango.

"Anazikwa lini?"

"Kesho saa nane."

"Na basi limepita."

"Cheni ilikatika, dada."

Akaitazama mikono yangu. "Pole, mdogo wangu. Umesukuma kwa miguu na jua lote hili."

Aliyefiwa alinipa pole mimi, nami nikaipokea. Nikaitikia.

Mume wake alikuwa ameenda mnadani mbali, na baiskeli nyeusi ya nyumba ile alikuwa nayo. Jua lilikuwa bado lipo. Dada akahesabu kwa vidole, kisha akasema lile ambalo mimi sikuwa nimelifikiria kabisa pale chini ya mgunga.

"Kesho alfajiri si unaweza kunipakia kwenye hii hii? Mimi si mzito. Penye mlima nitashuka nitembee. Mpaka saa nane tutakuwa tumefika."

"Imefungwa waya, dada. Haiwezi kubeba watu wawili."

Hayo yalikuwa kweli. Yalikuwa kweli niliyoitengeneza kwa mikono yangu, muda mfupi kabla. Kuchelewa basi hakukuwa kumemnyima maziko ya baba yake. Ile baiskeli nzee ingemfikisha. Jiwe ndilo lililomnyima.

Hakukata tamaa. Alijifunga khanga, akanipeleka mwenyewe kwa fundi baiskeli wa pale Mkula. Fundi akaipindua, akaichunguza cheni.

"Hii ni nyembamba. Vipande nilivyonavyo ni vya baiskeli nyeusi, haviingii. Pini yake iko wapi?"

"Ilidondoka."

"Ungeokota tu pini, ningeirudisha hapa hapa ukaondoka." Akakizungusha kile kipande kilichokatika kati ya vidole, akakisogeza karibu na macho. "Mbona kimepondeka hivi?"

"Mawe ya njia," nikasema.

Dada alikuwa amesimama nyuma yake, anatazama.

Asubuhi tulipata lori la pamba. Dereva alikubali kutubeba juu ya magunia, mimi, dada na baiskeli, lakini lilikuwa lori la kukusanya, na lilisimama kila kituo. Kila liliposimama watu walipandisha magunia bila haraka, wakimtania dereva, wakitafuta kamba. Dada alikaa mikono magotini. Mimi nilitazama vivuli. Tulipoingia Dutwa nilijua kwa kivuli changu kwamba nyumbani jeneza limeshanyanyuliwa.

Yule kijana wakala alikuwa palepale mbele ya mzani.

"Mwalimu," akaita akicheka, mikono kiunoni. "Leo umeipandisha lori? Jana si umenimaliza hapa mlimani?"

Nikageuza uso nikatazama magunia. Akadhani namwonea haya mwanamke niliyekuwa naye, akamgeukia kwa upole kabisa.

"Dada, hiyo baiskeli usiidharau. Jana imenitoa jasho mbele ya watu hawa wote. Tumekaa na huyu bwana hapa mpaka mchana anatufundisha mambo ya gia. Msikilize, anajua."

Alikuwa ananisifu. Hana kosa lolote, na sijawahi kumchukia.

Dada hakugeuka kunitazama. Alivuta khanga akafunika kichwa, akaweka mkono kwenye gurudumu la baiskeli, lililokuwa likizunguka lenyewe kwa mtikisiko wa lori, akalisimamisha. Toka Dutwa mpaka Bariadi hakuuondoa mkono ule. Nilikuwa na njia nzima ya kusema, na sikusema. Nilijiambia nasubiri aulize.

Tulifika jioni. Udongo ulikuwa umeshafanywa tuta, watu wamekaa makundi makundi. Dada alienda akapiga magoti pale, na kwa kuwa kaburi lilikuwa limejaa, udongo aliouchukua mkononi hakuwa na pa kuutupa. Aliushika tu.

Mdogo wake alinijia. Hakupaza sauti.

"Nilikuuliza, kaka."

"Vya zamani vina mwisho wake," mzee mmoja akasema, akitaka kunisaidia. "Siyo yeye, ni hicho chuma."

Wote wakamtazama dada, maana ndiye aliyekosa mazishi. Nilingoja aseme. Nilikuwa tayari, au nasema hivyo sasa. Sijui kama nilikuwa tayari.

"Cheni ilikatika," dada akasema, na akarudi kutazama kaburi.

Nilipofika nyumbani nikafungua daftari nikaandika maneno yake, kana kwamba kwa kuwa yeye ameyasema yamekuwa ya kweli.

Kuanzia hapo ubishi wa pale mashineni ukaisha. Mpya zilishinda. Mtu akitaja za zamani aliambiwa, "Kama ile iliyomkosesha mtoto kumzika baba yake?" Mzee mmoja wa ng'ambo ya mto, aliyekuwa na ya gia ya umri wa yangu na inayokwenda vizuri, aliibadilisha kwa mbuzi jike kwa sababu yangu. Mimi ndiye mtu pekee katika nzengo aliyejua kwamba siku ile chuma cha zamani kilishindana na kipya kikashinda, kikakimbia mpaka Mkula bila kuguna, na mimi ndiye mtu pekee nisiyeweza kulisema. Niliitundika kwenye ukuta wa ghala, bila cheni. Walioniuliza niliwaambia cheni nyembamba haipatikani. Hakuna aliyenituma tena na habari. Wakifiwa walimtafuta mwenye baiskeli mpya, na walifanya sawa.

Mvua za kwanza ziliponyesha, konda wa lile basi alinikabidhi kifurushi cha gazeti. Ndani kulikuwa na cheni mpya, nyembamba, bado ina mafuta ya kiwandani.

"Dada mmoja wa Mkula," konda akasema. "Amesema ukiifunga, uje nayo."

Kufunga cheni ni kazi ya robo saa. Mimi ilinichukua siku tisa. Siku ya kumi nikaondoka asubuhi, saa ileile. Dutwa nilipunga mkono nikapita. Nilifika Mkula jua likiwa utosini, saa sita, kama nilivyoahidi mara ya kwanza mbele ya wapasua kuni, na niliona aibu hata kwa kuwahi.

Dada alinipa maji. Nikanywa yote. Ndipo nikasema.

"Siku ile niliketi Dutwa. Nilishindana mbio, nikakaa. Na cheni haikukatika. Niliikata mwenyewe kwa jiwe, baada ya kuona basi limepita."

Alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. Hakuacha.

"Ya Dutwa nilisikia kwa yule kijana," akasema. "Ya jiwe niliiona kwa fundi."

"Mbona hukusema pale kaburini?"

"Ulikuwa msiba wa baba. Sikutaka uwe wako." Akapuliza pumba. "Na kwenye lori nilikungoja. Njia ile ni ndefu, mdogo wangu. Nilikungoja njia yote."

Nilimwomba msamaha. Sikumbuki kwa maneno gani, na sitaki kuyatunga hapa yawe mazuri. Hakusema amenisamehe wala hajanisamehe. Alimaliza ungo, akanyoosha mgongo.

"Kesho alfajiri unipakie."

Tuliondoka kulipopambazuka. Alikaa upande kwenye keria, kitambaa kimekunjwa chini yake, mkono mmoja umeshika tandiko. Hakunishika mimi. Penye milima miwili mikali alishuka akatembea, kama alivyosema angefanya. Kwingine kote nilitumia gia zangu tano. Niandike pia kwamba baiskeli mbili mpya zilitupita kabla ya Dutwa, zikatuacha mbali. Hazikuwa zimebeba mtu, lakini zilitupita. Na pale Dutwa nilimwona yule kijana kwa mbali anapandisha gunia. Springi za baiskeli yake alikuwa amezikaza kwa mpira wa tyubu zisibonyee tena. Ama alinisikiliza, ama aligundua mwenyewe.

Cheni mpya haikutoa sauti yoyote. Nilitamani itoe. Nilitamani kitu kivunjike, spoku, tairi, chochote, ili tuchelewe. Naona haya kuandika hivyo lakini ndivyo ilivyokuwa. Nilikanyaga kwa nguvu zangu zote na kila hatua niliomba ishindwe. Haikushindwa.

Tuliingia uani kwao kivuli kikiwa bado miguuni. Dada alishuka, akasimama kidogo miguu ipate damu, kisha akaenda kaburini. Majani mafupi yalikuwa yameshaota juu yake. Akainama, akachukua udongo, akautupa taratibu palipo na kichwa. Halafu akalitazama jua, kama mtu anayetazama saa ukutani.

"Tungewahi," akasema.

"Ndiyo, dada."

"Saa mbili nzima zingebaki."

"Ndiyo."

Mdogo wake alitoka ndani akijifuta mikono, na nyuma yake watu wawili watatu waliokuwa wakila. Alimtazama dada yake, akaitazama baiskeli, keria yenye kitambaa, matairi yenye vumbi la njia nzima.

"Mmetoka Mkula na hicho?" akaniuliza. "Na watu wawili? Kumbe kinaweza?"

Dada alikuwa bado na udongo kwenye vidole, na alinitazama mimi. Nikaiegemeza baiskeli ukutani, polepole, nisiiangushe. Nikaomba maji.